Mkaa wa kufukia shambani, jinsi tunavyouchoma huku Muheza

Juzi nimetoka shamba mikono myeusi tii, nikapita kijiweni Ngamiani kunywa kahawa, mzee mmoja akanitazama weee, akasema, we mwanangu, serikali inahangaika watu waache mkaa na wewe ndo kwanza unaanza kuchoma? Nikamwambia shikamoo kwanza mzee, alafu huu wangu haupikii mtu, huu naenda kuufukia. Kijiwe kizima kikacheka. Yaani mtu achome mkaa, aunyunyizie maji, aufukie chini kama kafukia hela! Nikakaa nikawaeleza mpaka kahawa ya tatu, na kwa kuwa tangu siku ile kila nikipita naulizwa swali lilelile nimeamua niandike yote hapa, asome anayetaka.

Kwanza tuelewane majina maana hapa ndo watu wanapochanganya. Makaa ya mawe ni yale yanayochimbwa, Ngaka kule Mbinga, Kiwira kule mpakani mwa Mbeya na Songwe, ni mimea iliyozikwa mamilioni ya miaka ikageuka jiwe, ukiichoma unaitoa hewani kaboni iliyokuwa imelala zake chini. Mkaa wa kupikia tunaujua wote, ni mti umekatwa umechomwa ukauzwa kwa gunia. Huu ninaousema mimi wataalamu wanauita bayocha, sisi huku tunasema tu mkaa wa shambani, na ni taka za shamba, magunzi, vifuu, matawi, zimechomwa kwa moto wenye hewa kidogo zikawa mkaa badala ya kuwa majivu, alafu unaulisha mbolea na kuuchanganya na udongo. Mmea ulivuta hewa ya ukaa ukiwa hai, ukiuacha uoze shambani karibu yote inarudi juu ndani ya miaka michache, ukiuchoma ukawa majivu inarudi siku hiyohiyo, ila ukiugeuza mkaa sehemu kubwa ya ile kaboni inaganda na kukaa udongoni mamia ya miaka. Na usije ukawa mjanja ukachukua vumbi la makaa ya mawe lililodondoka barabarani ukamwaga bustanini eti nayo si makaa tu, yale yana salfa na madini mazito, utakula mchicha wenye sumu.

Hii sio kitu cha jana. Kule Brazil kwenye msitu wa Amazon kuna sehemu udongo ni mweusi na una rutuba wakati pembeni yake ni mwekundu umechoka, kwa Kireno wanauita terra preta, na waliouacha ni wenyeji wa zamani sana, wengine zaidi ya miaka 2000 iliyopita, waliokuwa wakitupa mkaa wa jikoni na mifupa na mabaki ya chakula sehemu moja kizazi baada ya kizazi. Mtaalamu mmoja wa udongo Mholanzi, Wim Sombroek, aliandika habari zake mwaka 1966, na toka hapo watafiti wakaanza kujiuliza mbona tusiutengeneze wenyewe. Mwaka 2017 wakakusanya majaribio mengi ya dunia nzima wakayaweka pamoja, kikaonekana kitu ambacho mi nakipenda sana: kwenye nchi za joto kama zetu mavuno yalipanda kwa wastani wa asilimia 25 hivi, ila Ulaya na sehemu za baridi hayakupanda, maana udongo wao mwingi tayari ni mzuri na hauna uchachu mkali. Kwa mara moja na sisi tumebahatika jamani.

Ila wastani ni wastani, kuna waliopata mara mbili na kuna waliopata hasara, na tofauti kubwa ni udongo. Kwa hiyo kabla ya kushika kiberiti ujue umesimama juu ya udongo gani. Huku kwetu Tanga ndani ya mwendo wa saa mbili unakutana na vitu tofauti kabisa. Ukipanda Amani juu kwenye chai udongo ni mwekundu, mvua imeuosha miaka na miaka, una tindikali, huko mkaa unafanya kazi vizuri sana maana wenyewe unapunguza uchachu. Ukishuka huku bondeni kwenye michanga, maji unamwagilia asubuhi mchana hamna kitu, hapo mkaa unasaidia kushika maji na mbolea, una vitundu vidogo vidogo ndani kama sponji, na huko ndiko mimi nilipo. Lakini wewe wa pwani kabisa, Mkinga au Pangani, uliyelima juu ya mawe ya matumbawe, udongo wako tayari una chokaa, ukizidisha mkaa wenye majivu unaupeleka kubaya zaidi, mahindi yanakuwa na michirizi ya njano kwa kukosa zinki na chuma. Huko weka kidogo sana au achana nao, weka mboji tu. Kupima sio lazima ubahatishe, pale Mlingano Muheza kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI wanashughulika na mkonge na udongo, chukua udongo sehemu kama kumi za shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, toa kama kilo moja peleka ukaulize. Namba unayoitaka kwanza ni pH, ndo kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu unapanda. Chini ya 6 mkaa utakufaa, ukiona 7 na kwenda juu kaa mbali.

Sasa malighafi. Sheria yangu ni moja, hakatwi mti. Ukianza kukata mti ili utengeneze mkaa wa kufukia utakuwa umefanya kituko, na tena utakuwa umevunja sheria maana kuchoma mkaa wa miti kunataka kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali. Chukua kile ambacho kingechomwa hovyo au kuoza. Mimi natumia magunzi ya mahindi, miti ya mbaazi, miti ya mihogo iliyokauka, matawi ya michungwa tukishapogoa, na vifuu vya nazi ambavyo nikwambie ukweli hakuna kinachovishinda, vinatoa mkaa mgumu unaolia kama kigae. Makumbi nayo yanafaa ila yakauke haswa. Wenye mashamba ya mkonge wana utajiri hawaujui, kwenye jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu na linalobaki lote ni taka, sasa ile taka mbichi ina maji mengi hiyo iache iende kwenye mboji, wewe chukua vile vigogo vya mkonge wa zamani uliokwisha maua ukakauka, vipasue, vinawaka vizuri. Hii mimea ililetwa Pangani na Mjerumani miaka ya 1890 na mpaka leo vigogo vyake tunavichoma tu bure shamba likitaka kupandwa upya.

Usivyovitaka: maganda ya korosho, yana mafuta makali yanabubujika kwenye moto na moshi wake unababua, mi nilijaribu mara moja macho yakavimba siku mbili. Mbao zenye rangi au zilizopakwa dawa ya mchwa, hapana. Plastiki hata kipande, hapana. Mikoko, hapana mara mbili, ni marufuku kukata na ina chumvi. Miti iliyookotwa baharini vilevile chumvi. Pumba za mpunga zinafaa lakini sio kwa njia hii ya shimo, zinabanana zinafukiza moshi tu, zile zina njia yake ya kuchomea kwa bomba la bati katikati, tuiache.

Kavu, kavu, kavu. Tawi ukilivunja lisikike paa! Likijipinda rudisha juani. Vinene kuliko kifundo cha mkono pasua.

Shimo langu ni kama bakuli, juu mita moja na nusu toka ukingo hadi ukingo, chini nusu mita, kina sentimita 80. Sululu na beleshi, vijana wawili asubuhi moja. Kingo ziwe mteremko laini sio wima, hii ndo siri yenyewe maana ule mteremko unafanya moto ujizungushe juu na kujifunika. Kuna watu wanatengeneza la chuma lenye umbo hilohilo, lilianzia Ulaya mwaka 2014, zuri ila bei yake kwa mkulima wa ekari mbili si ya leo wala ya kesho, na la ardhini linafanya kazi ileile. Chagua sehemu mbali na nyumba ya makuti, mbali na mkonge mkavu, fyeka mita tano kuzunguka pande zote. Choma asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaamka, huku kwetu ikishafika saa tano upepo ni mwingine.

Na kabla ya hapo nenda kamwambie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji. Sikufanya hivyo mara ya kwanza, moshi ukaonekana, nikaona vijana wawili wanakuja na virungu wanauliza kibali cha mkaa kiko wapi. Nikawaonesha magunzi. Hawakuamini. Mkaa ni mkaa kaka, mmoja akaniambia. Tulibishana mpaka wakaniona nazima kwa maji, hapo wakaangaliana, maana muuza mkaa gani anayemwagia maji mali yake. Wakaondoka wanacheka lakini ningeokoa nusu saa ya presha kama ningetoa taarifa tu.

Kuwasha ni hivi. Chini ya shimo panga matawi membamba makavu kama kibanda kidogo, washia JUU sio chini, najua inaonekana kinyume lakini ukiwashia juu moshi unapita kwenye moto unaungua wenyewe, ukiwashia chini utaita kijiji kizima. Moto ukishika na vijiti vikaanza kuvaa majivu meupe juu, kama unga umenyunyiziwa, tandaza tabaka jembamba la malighafi juu yake. Subiri. Nalo likianza kuwa na weupe ule, weka tabaka lingine. Ndo hivyo hivyo mpaka shimo lijae. Kinachotokea ni kwamba moto wa tabaka la juu unakula hewa yote inayotaka kushuka, kwa hiyo la chini linaiva bila kuungua, linakuwa mkaa. Ukichelewa kuweka tabaka linageuka majivu, ukiwahi sana moto unazimika unabaki moshi. Moshi ndo mwalimu wako hapa, ukiona mzito mweupe acha kuongeza, ngoja, ukiona hamna moshi kabisa na weupe umetanda basi umechelewa, ongeza. Mimi shimo mpaka lijae inachukua muda wa saa tatu mpaka nne, na huwezi kusema naenda dukani narudi, ni kama kukaanga maandazi, ukigeuka tu yameungua. Mke wangu alinikuta siku moja nimekaa pale na kofia na chai akasema wewe hata ubwabwa hujawahi kuukalia hivi.

Kwenye mzani, malighafi kavu kilo 100 inakupa mkaa kilo 20 hivi mpaka 25. Shimo langu likijaa napata kama ndoo 25 za lita 20.

Kuzima: maji yawe tayari kabla hujawasha, ndoo kumi hadi kumi na tano. Mwaga taratibu toka pembeni kwenda katikati huku mwenzio anakoroga na reki, simama upande upepo unakotoka maana mvuke ule unaunguza kuliko moto. Zima mpaka uweke mkono juu usihisi joto, alafu zima tena. Hapa sitanii, mkaa una tabia ya kujificha moto tumboni, unaweza kuuona umelala baridi usiku ukafufuka, jirani yangu alibeba gunia akalilaza ukutani mwa banda la kuku saa kumi jioni, alfajiri banda halipo. Uache nje kwenye ardhi tupu usiku mmoja. Huna maji? Fukia kwa udongo sentimita kumi na tano au zaidi ubane kila penye moshi, fungua baada ya siku mbili, utapoteza kiasi kikawa majivu lakini kazi itakuwa imefanyika.

Mkaa mzuri unaujua kwa mkono. Ukiuvunja unalia kama kioo, mweusi mpaka ndani, na weusi wa mkononi unatoka kwa maji matupu. Ukiona mikono inateleza kama umeshika lami na sabuni haitoi, mkaa huo haukuiva, una utomvu wa moshi ambao mbegu hazitaupenda. Urudishe shimoni safari ijayo. Ukitaka uhakika chukua makopo mawili, moja udongo mtupu, la pili udongo na mkaa kidogo, panda mchicha kwenye yote, wiki moja utajua.

Twanga. Lakini twanga ukiwa umelowa, vumbi la mkaa kifuani ni balaa, na funga kitambaa puani hata kama umelowa. Mi naweka kwenye kiroba nakipiga kwa rungu, au natandaza njiani toroli ipite. Vipande viwe kama punje za mahindi kwenda chini, usihangaike kufanya unga.

Sasa hapa ndo nilipoumia mimi na ndo watu wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo soma pole pole. Mkaa mtupu hauna chakula. Ni ghala tupu. Ukiuweka shambani mtupu unaanza kujijaza kwanza wenyewe, unanyonya naitrojeni yote iliyopo udongoni, mimea inabaki inakodoa macho. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na haraka, vuli imekaribia, nikamwaga mkaa mbichi kwenye matuta ya mchicha na nyanya chungu, baada ya wiki tatu matuta yale yalikuwa ya njano kama manjano ya pilau na yale nisiyoweka kitu yako kijani yananicheka. Baba mkwe alipita akaangalia akasema tu, haya, wasomi. Nilitaka ardhi inimeze.

Kwa hiyo ulishe kwanza. Ndoo moja ya mkaa kwa ndoo moja au mbili za samadi au mboji iliyoanza kuiva, lowesha kwa mkojo wa ng'ombe au wa mbuzi mpaka ukikamata fumba uhisi unyevu ila usitiririke, funika kwa majani ya mgomba au turubai, geuza kila wiki. Wiki mbili ni kidogo, nne ndo nzuri. Kama hufugi, mkojo wa watu nao ni mbolea jamani tusione haya, kidumu cha lita tano chooni kwa wanaume wa nyumba kinajaa chenyewe, ila mi kwenye mboga za kula mbichi situmii huo. Kule Nepal walifanya jaribio la maboga lililotolewa mwaka 2015, wakaweka mkaa uliolowekwa mkojo wa ng'ombe kilo 750 tu kwa hekta, wakapata zaidi ya mara nne ya walioweka mkojo bila mkaa, na karibu mara mbili ya walioweka mkaa bila mkojo. Yani ule ule mkaa na ule ule mkojo, tofauti ni kuwakutanisha kwanza. Mkaa ukirundikwa na samadi pia unapunguza ile harufu kali, na harufu ile ni naitrojeni inakukimbia, kwa hiyo wenye mabanda ya kuku tandazeni chini mkaa mkavu na maranda, ukitoka bandani umeshalishwa bila kazi ya ziada.

Kuweka shambani usimwage kila mahali. Vitabu vinasema kilo moja kwa mita ya mraba, hiyo kwa ekari ni tani nne, nani anazo? Weka kwenye shimo la mbegu. Mahindi ya sentimita 75 kwa 60, punje mbili shimo, ekari ina mashimo kama 9000, fumba moja ya mkaa mkavu ni kama gramu 50, hesabu yake inakuja kilo 450 kwa ekari, ukilijaza shimo la kuchomea mara nne au tano inatosha, na unaweza ukaanza na robo ekari usife moyo. Huo ni uzito wa mkaa peke yake, ukishachanganya na samadi kila shimo la mbegu linakula fumba mbili au tatu za mchanganyiko. Chimba kina cha kiganja, weka, changanya na udongo, weka udongo kidogo juu, ndo mbegu. Usiache juu juu, mvua ya masika ya huku kwetu itaubeba wote upeleke mtoni. Kwa mchungwa au mnazi mkubwa usichimbe karibu na shina, nenda pale kivuli cha majani kinapoishia saa sita mchana, toboa mashimo sita mpaka nane kuzunguka, kila moja nusu ndoo ya mchanganyiko. Na mbolea yako ya kawaida usiache, mkaa haubadilishi mbolea, unaizuia isiondoke na maji.

Na lazima uache mistari bila mkaa. Lazima! Mistari minne na, mistari minne bila, mbegu moja, siku moja, palizi moja. Vinginevyo mvua ikinyesha vizuri utasema mkaa, isiponyesha utasema mkaa. Mimi mchangani kwangu nilichoona wazi sio urefu wa mahindi, ni kwamba jua lilipokaza katikati ya msimu mistari yenye mkaa ilichelewa kunyauka, ile mingine ikaanza kujikunja majani saa nne asubuhi.

Sasa nirudi kwa yule mzee maana swali lake halikuwa la kijinga. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, inataka ukifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliambiwa ziachane na kuni na mkaa toka Januari 2024. Sina ugomvi na hilo hata kidogo, misitu inaisha, na akina mama wanakohoa. Mkaa wa shambani haupingani na huo mkakati ilimradi malighafi ni taka za shamba na hauishii sokoni. Siku utakapoona vifuu vyako vinatoa mkaa mtamu ukaanza kuuza gunia kwa muuza chipsi, basi hapo umeshakuwa mchoma mkaa kama wachoma mkaa wengine, sema tu.

Upande wa makaa ya mawe ndo pananiuma kichwa. Umeme wetu kwa bahati hautegemei makaa, ni gesi na maji, sasa na bwawa la Julius Nyerere megawati 2115. Lakini viwanda vya saruji, na Tanga tunavyo, tanuri zao zinakula makaa ya mawe, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kuyaagiza nje ili tutumie ya Ruvuma, na toka vita vya Ukraine vianze meli zikawa zinapanga foleni Mtwara kuyabeba kwenda nje. Huku tumeahidi dunia kwamba ifikapo 2030 tutapunguza hewa chafu kwa asilimia 30 mpaka 35 ya ile ambayo ingekuwepo tusingefanya kitu. Vyote kwa pamoja. Haya.

Nchi kubwa ndo zimetufundisha huu mchezo. Australia ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa makaa ya mawe duniani, na mwaka 2010 upinzani wao wakati ule chini ya Tony Abbott ukaja na sera kwamba hakuna haja ya kutoza kodi ya kaboni, kaboni tutaiweka kwenye udongo wa wakulima. Kodi ilianza Julai 2012, hao wapinzani wakashinda uchaguzi, kodi ikafutwa 2014, na makaa yakaendelea kupakiwa melini. Sasa piga hesabu na mimi. Tani moja ya mkaa wa shambani ulioiva, karibu robo tatu yake ni kaboni, umefukia kitu kama tani mbili na nusu hivi za hewa ya ukaa. Tani moja ya makaa ya mawe ukiichoma inatoa tani mbili, mbili na nusu. Maana yake tani kwa tani. Dunia inachoma zaidi ya tani bilioni 8 kwa mwaka. Mimi na shimo langu, tukichoma kila wiki kiangazi chote, hatufikishi tani mbili. Atakayekwambia wakulima watafukia mkaa ili mitambo ya makaa ya mawe iendelee, mwambie hiyo ni kuteka maji kwa pakacha. Ufukie kwa sababu shamba lako ni la mchanga na mbolea bei juu, hilo linatosha.

Kwenye hilohilo, hela ya kaboni, yaani kulipwa kwa kuizuia kaboni isiende hewani. Ipo kweli, kuna kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, kituo cha taifa cha kuratibu kiko SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine Morogoro, na kuna vijiji Katavi vimepata hela nzuri, ila zile ni hela za kutunza msitu kwa maelfu ya hekta. Mkaa wa kufukia nao unauzwa kaboni duniani lakini lazima upimwe, mzani, maabara, picha, msajili, gharama zake mtu mwenye ndoo 25 haziwezi. Akija mtu kijijini anasema toa elfu hamsini nikuandikishe mradi wa kaboni, mpe maji anywe aende zake.

Kama unaanza mwaka huu, kusanya magunzi na vifuu toka sasa uweke juu ya jukwaa mchwa wasiyafikie, choma mwezi wa nane, lisha mwezi wa tisa mzima, vuli ikigusa ardhi mwezi wa kumi uwe umeshachanganya. Shimo ukimaliza lifunike kwa mabati, mbuzi wa jirani yangu aliingia humo akatoka mweusi kama mkaa wenyewe na mwenye mbuzi alimtafuta siku nzima anapishana naye.